Ukipata kaseti ya zamani yenye bendi ikipiga live kwa tivi, usibonyeze play kwanza

Juzi jamaa mmoja wa Jinja alinipigia simu saa tatu usiku, sauti kama ya mtu anayekimbia. Amefungua sanduku la marehemu babake akakuta kaseti ya VHS, ubavuni imeandikwa kwa wino "UTV, bendi, live", UTV ndo ilikuwa tivi ya taifa ya Uganda enzi zile, na deki ameshaazima kwa jirani, anataka kuiingiza sasa hivi waangalie na familia. Nikamwambia ndugu yangu toa mkono hapo, iache kaseti mezani, tuongee. Tukaongea karibu saa nzima, na haya ninayoandika ndo yale niliyomwambia usiku ule pamoja na mengine niliyokumbuka baadaye, maana naona watu wengi sasa wazee wanaondoka, masanduku yanafunguliwa, na kaseti zinaharibika kwenye dakika ya kwanza kabisa ya furaha.

Kwa nini naumia hivyo na hii kitu? Baba yangu mdogo alikuwa mpiga gitaa hapa Kampala, bendi yao ilipenda rock na soul, nyimbo za kina Hendrix na Santana wakizichanganya na zao wenyewe, na siku moja walionyeshwa kwa tivi na rafiki yao akarekodi nyumbani. Hiyo kaseti ilipofika kwangu nikaipuliza vumbi, nikaiingiza kwenye deki iliyokuwa imekaa stoo miaka, nikabonyeza play. Picha ilikuja, nikamwona baba mdogo ana nywele nyingi na shati la kola ndefu, akaanza solo, alafu nikasikia ndani ya deki sauti kama mtu anakunja karatasi. Nilivyotoa kaseti tepu ilibaki ndani, imejikunja kwenye rola. Kama mita moja ilikwisha kabisa. Sasa piga hesabu: kwenye VHS ya mfumo wetu wa tivi wa PAL tepu inatembea sentimita 2 na kidogo kwa sekunde, mita moja ni sekunde zaidi ya 40. Sekunde 40 ndo solo yote. Haipo popote duniani, na baba mdogo yuko hai, ananiuliza mpaka leo.

Kwa hiyo kanuni ya kila kitu hapa chini ni moja: chukulia kwamba kaseti yako itacheza mara moja tu, na hiyo mara moja lazima kompyuta iwe inarekodi. Kuangalia na familia mtaangalia kopi.

Na usidhani labda kituo cha tivi wanayo nyingine. Hata matajiri walifuta. Beatles waliingia studio ya BBC wakapiga kwenye kipindi cha muziki cha Top of the Pops tarehe 16 Juni 1966, ndo mara yao pekee kutokea pale live, na BBC wakafuta, kwa sababu mkanda wa video wa wakati ule wenye upana wa inchi 2 ulikuwa ghali sana na ukifutwa unatumika tena. Miaka zaidi ya 50 hakuna aliyeona. Mwaka 2019 zikapatikana sekunde 11 kwa mkusanyaji wa filamu Mexico, alafu baadaye sekunde 92 bila sauti, na hizo 92 zilikuwa za familia moja ya Liverpool ambayo siku ile ilielekeza kamera ndogo ya filamu ya milimita 8 kwenye kioo cha tivi sebuleni. David Bowie naye, Januari 1973 alipiga The Jean Genie kwenye kipindi hichohicho, ikafutwa, lakini mpiga kamera mmoja, John Henshall, alikuwa ameomba kopi yake kwa sababu alitumia lenzi maalum aliyoitengeneza mwenyewe na akataka ushahidi wa kazi yake, akakaa nayo nyumbani mpaka Desemba 2011 ndo BBC wakaonyesha tena. Kule Harlem, Marekani, tamasha la mwaka 1969 lenye kina Sly and the Family Stone lilirekodiwa saa kama 40 za tepu na zikalala kwa aliyezirekodi karibu nusu karne. Hata hapa kwetu, 2015 pale UBC, shirika la utangazaji la Uganda, kulipatikana kabati lenye negativu za picha kama elfu 70 za enzi za Amin, zilikuwepo tu ndani ya jengo, na 2019 watu wakaziona Uganda Museum. Vitu vinakaa kwa watu na kwenye makabati. Sanduku la mzee wako ni arkaivu, lishike hivyo.

Haya, tuanze. Kwanza jua umeshika nini. VHS unaijua, kaseti nyeusi kubwa kama kitabu. Betamax ni ndogo kidogo na deki yake ni tofauti kabisa, usilazimishe. U-matic ni kubwa na nzito, tepu yake ina upana wa robo tatu ya inchi, hiyo ilikuwa ya watu wa kazi, ofisi na vituo, na ukiipata yenye jina la bendi furahi sana maana inaweza kuwa imetoka studio moja kwa moja. Kama ni reli ya filamu, ile yenye vitobo pembeni, inusie: ikinuka siki imeanza kuoza kwa kemikali, usiiweke kwenye projekta hata kidogo, itenge na filamu zingine kwa sababu ule mvuke unaambukiza, iweke sehemu baridi yenye hewa mpaka umpate mtu mwenye skana ya filamu. Unaweza kuangalia fremu chache kwa kuishika pembeni mbele ya taa, vaa glavu za pamba. Ukiona kamstari ka rangi ya kahawia kama tepu ya redio kanapita ukingoni, hiyo ni sauti, jua filamu yako inaongea.

Mimi nitazungumza zaidi VHS kwa sababu ndo tunazokuta.

Kabla ya kitu chochote geuza kaseti utazame ubavu wake wa mgongo, upande wa kushoto kuna kakipande kadogo ka plastiki. Kama kapo, kavunje kwa bisibisi sasa hivi. Kama kuna selotepu imebandikwa juu ya hicho kitobo, ibandue. Kitobo kikiwa wazi deki haiwezi kurekodi juu yake hata mtu akikosea batani, na nimeona deki ya kuazima ambayo rekodi na play zinakaa pamoja na maandishi yameshafutika. Sekunde 5 za kazi, hakuna kinga nyingine rahisi kama hiyo.

Alafu ifungue mdomo. Pembeni kuna batani ndogo, bonyeza, inua kile kifuniko cha mbele, utaona tepu yenyewe imenyooka inang'aa. Itazame kwa tochi ya simu. Tazama pia kupitia kidirisha juu, pale tepu imezungushwa kwenye reli. Reli nzuri ni laini kama sahani ya santuri, nyeusi sawasawa. Ukiona unga mweupe au nyuzi kama utando wa buibui kwenye kingo, hiyo ni ukungu, na kwa mvua zetu za Machi mpaka Mei, kaseti iliyokaa chini ya kitanda au kwenye chumba kisicho na dirisha inaupata haraka. Kaseti yenye ukungu usiiingize kwenye deki. Ukungu unabaki kwenye hedi (vile vichwa vinavyosoma tepu) na rola, kaseti inayofuata inaambukizwa, na wewe unavuta ule unga kifuani. Itoe nje kwenye hewa, vaa barakoa, iache ikauke siku kadhaa kwenye kivuli ndani ya boksi lenye vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, soko la Owino hapa Kampala ukiwaomba wauza viatu wanakupa bure. Usiifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), kaveera inafungia unyevu ndani. Ukungu ukikauka unakuwa unga ambao fundi mvumilivu anaweza kuufuta kwa kitambaa laini huku anazungusha reli polepole kwa mkono. Ukiwa bado mbichi unapakaa, kwa hiyo subira.

Hapo kwenye kuzungusha: reli za VHS zina loki. Geuza kaseti chini juu, katikati kuna kitobo kidogo, ingiza penseli ubonyeze taratibu, reli zinaachia, unaweza kuzungusha kwa kidole. Izungushe kidogo tu uhisi. Ikienda laini, sawa. Ikikwama na kuachia, yaani tepu imeshikana yenyewe kwa yenyewe, simama, hiyo ni ya kupeleka kwa mtu mwenye uzoefu. Utasikia watu wanasema tepu inayonata inapikwa. Ni kweli kuna tepu ambazo gundi yake imenywa unyevu na wataalamu huzipasha kwa nyuzi kama 50 kwa masaa mengi, lakini wanatumia mashine inayoshikilia joto lilelile, siyo jiko lako la keki, na VHS mara chache inahitaji hivyo. Usipike kaseti nyumbani tafadhali.

Kama ganda limepasuka, usilazimishe. Nunua kaseti yoyote ya filamu ya zamani, ganda zima, fungua skrubu 5 za chini, hamisha reli zako mbili na ufuate njia ya tepu kama ulivyoikuta. Piga picha kwa simu kabla hujagusa, maana kuna vispringi vidogo vinaruka na ukikosa kimoja utazunguka sakafuni nusu siku.

Sasa deki. Kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS ilikuwa Funai ya Japan na iliacha Julai 2016, kwa hiyo yoyote utakayopata ni ya zamani na inahitaji kusafishwa, hata muuzaji akikuapia. Mimi napenda deki nzito za miaka ya 90 zenye hedi 4 au zaidi na sauti ya Hi-Fi kuliko hizi nyepesi za mwisho zenye DVD pembeni, zile nyepesi mashine yake ya ndani ni plastiki tupu. Uliza mafundi wa redio na tivi, wengi wana moja kwenye rafu ya juu ambayo mwenyewe hakurudi.

Fungua kifuniko cha juu ukiwa umechomoa waya wa umeme. Utaona drumu, kile kitu kama mkebe wa chuma unaong'aa umelala upande, hedi ziko ukingoni mwake ni vidoti vidogo sana na vinavunjika kama yai. Drumu hiyo ikifanya kazi inazunguka mara 1500 kwa dakika, ndo maana kachembe ka uchafu kanatosha kukwangua. Kata ukanda wa karatasi nyeupe safi, uloweshe kidogo kwa ile alkoholi ya mafundi simu, wanaiita IPA, kibanda chochote cha kutengeneza simu wanayo. Usitumie spiriti ya famasi ya vidonda, saa ingine ina mafuta ndani. Shika karatasi imetulia kwenye drumu kwa kidole kimoja, na kwa mkono mwingine zungusha drumu kutoka juu polepole. Karatasi haitembei, drumu ndo inatembea. Usisugue juu na chini, hapo unang'oa hedi, na pamba za masikio usitumie kwa sababu nyuzi zinanasa. Ukitoa karatasi utaona mstari mweusi au wa kahawia, rudia kwa karatasi mpya mpaka itoke safi. Rola ya mpira na vile vyuma tepu inapopita vifute pia. Iache wazi nusu saa ikauke.

Alafu ijaribu na kaseti usiyoipenda. Hii hatua ndo mimi sikuifanya. Kaseti ya mahubiri, ya katuni, yoyote. Cheza dakika 20, peleka mbele, rudisha nyuma, simamisha, itoe, iingize tena. Tazama tepu ya hiyo kaseti mbovu kwa tochi: kingo zimekunjika? kuna mkwaruzo mrefu? Kama iko salama mara 3 mfululizo, deki imepita mtihani.

Kuunganisha. Nyuma ya deki kuna matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, njano ni picha na hizo mbili ni sauti. Tumia hayo, usitumie ule waya wa antena wa zamani, unapunguza ubora bure. Kama deki yako ina tundu la S-video ni bora zaidi kuliko njano. Kutoka hapo unaingia kwenye kifaa kidogo cha USB cha kukamata video kisha kompyuta. Vile vya bei rahisi sana vinafanya kazi kwa kubahatisha, saa ingine sauti inaachana na picha baada ya dakika 10, kwa hiyo kijaribu na ile kaseti mbovu saa nzima kabla ya siku yenyewe. Kuna kitu kingine watu wa hii kazi wanapenda: kupitisha picha kwanza kwenye rekoda ya DVD, hasa Panasonic DMR-ES10 au ES15, haurekodi DVD, picha inapita tu ndani yake na inanyooshwa ile mistari inayoyumba juu ya skrini. Ukikutana na moja sokoni, ichukue.

Programu, mimi natumia VirtualDub, ni bure. Weka upana 720 na urefu 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti hertzi 48,000, na usikubali ikubadilishie ukubwa au ifute mistari ya nusu-fremu wakati wa kurekodi. Ile mistari kama kitana inayoonekana mtu akisogea ndo mwendo wenyewe, tivi ya zamani ilituma picha nusu nusu mara 50 kwa sekunde, utaishughulikia baadaye kwenye kopi. Rekodi bila kupoteza, kwa kodeki, yaani njia ya kubana video, kama HuffYUV au FFV1. Nafasi andaa: video isiyobanwa kabisa inakula kama GB 75 kwa saa, ukitumia hizo kodeki inashuka karibu nusu au zaidi. Najua hard disk ni ghali, lakini hii ni mara moja. Ukirekodi moja kwa moja kwenye MP4 ndogo ya GB 2 kwa sababu flashi imejaa, umeokoa kivuli.

Umeme. Laptop ina betri, deki haina. Umeme ukikatika tepu ikiwa imezungushwa kwenye drumu, inabaki imenasa mle ndani. Azima UPS hata ndogo, deki haili umeme mwingi. Kama huna, chagua saa ambayo mtaa wenu umeme hutulia, kwetu ni alfajiri, na usifanye siku ya mawingu mazito. Na ikitokea imekatika, usivute kaseti! Subiri urudi, deki nyingi zikipata umeme zinairudisha tepu zenyewe taratibu. Nimeshaona mtu akitumia kisu cha mezani.

Siku yenyewe kaseti iwe imekaa chumba kimoja na deki tangu jana yake ili joto lilingane. Zima wifi kwenye kompyuta, zima masasisho, zima ile kulala baada ya dakika 15, ondoa simu mezani. Peleka kaseti mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo mara moja, tepu iliyokaa miaka 30 bila kusogea inajipanga upya, sikiliza mlio, ukisikia inalia kama mlango au inapunguza mwendo, simamisha uitoe. Ikienda vizuri anza kurekodi kwenye kompyuta KWANZA, hesabu sekunde chache, alafu ndo play.

Picha ikija na mistari ya chenga chini au juu, tumia batani za tracking, gusa moja moja uipe muda. Sauti ikivuma na kukatakata wakati picha ni nzuri, nenda kwenye menyu ya deki utoe Hi-Fi uweke mono ya kawaida, kaseti ina njia mbili za sauti na ile ya kawaida inavumilia zaidi. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe na inapanda juu kama gurudumu, labda kaseti imerekodiwa Marekani au Japan kwa mfumo wa NTSC, sisi ni PAL, basi utahitaji deki ya mifumo yote. Usipaniki, simamisha, hakuna kilichoharibika.

Na usisimamishe bendi ikimaliza! Acha iende mpaka tepu iishe yenyewe. Watu walikuwa wanarekodi juu ya vitu vingine, baada ya wimbo unaweza kukuta mtangazaji anataja jina la kipindi, tangazo la sabuni, kipande cha taarifa ya habari, na hivyo ndo vitakavyokupa tarehe. Kwenye ya baba mdogo nilipopata ujasiri wa kurudi kwenye kile kilichobaki, kulikuwa na wimbo mwingine mzima dakika 11 baada ya chenga tupu.

Ukimaliza, fanya kopi 3 kabla ya chai: mbili kwenye vifaa tofauti, moja ilale nyumba nyingine kabisa, kwa dada yako Mbarara, kwa rafiki Entebbe, popote ambapo mwizi au moto wa kwako haufiki. Faili la asili usilihariri kamwe. Kwenye kopi ndo unaweza kuondoa ile mistari ya kitana, tumia kichujio cha bwdif au yadif kwenye programu ya FFmpeg na utoe fremu 50 kwa sekunde ili mkono wa mpiga ngoma usigandegande. Rangi gusa kidogo. Na hizi programu za akili bandia za kukuza picha mimi nazikataa kwa kazi hii, zinabuni sura. Nilijaribu kwenye uso wa baba mdogo ikanipa kijana mwingine mwenye meno yaliyopangwa, ngozi kama nta, hata mama hakumtambua. Chenga za VHS ni sehemu ya ukweli wake.

Kutafuta tarehe ni kazi tamu. Anza na chombo chenyewe: VHS iliingia sokoni Japan 1976, kwa hiyo kaseti ya VHS iliyoandikwa 1972 ni kopi ya kitu kingine na hicho kingine bado kinaweza kuwa mahali. U-matic ni ya 1971 kuja mbele. Wimbo wakipiga wa mtu mwingine, ulitoka mwaka gani? Onyesho haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Nembo kwenye skrini: UTV ilianza 1963 na jina la UBC lilikuja 2005. Hata ule mngurumo mdogo wa umeme chini ya muziki unasema, ukiufungua kwenye programu ya sauti ukikuta uko hertzi 50 ni umeme wa huku au Ulaya, ukiwa 60 labda kuna amplifaya ilikuwa Marekani, ila kwanza hakikisha siyo mngurumo wa deki yako mwenyewe, simamisha tepu usikilize kama upo bado. Magazeti ya zamani nenda maktaba ya Makerere, Uganda Argus, Voice of Uganda, New Vision ya kuanzia 1986, ni siku ndefu ya kufunua karatasi lakini matangazo ya dansi yako mle.

Kuhusu kuaplodi. Kushika kaseti siyo kumiliki kilichomo. Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya 2006 na inawalinda wapigaji pamoja na waliorusha matangazo, zaidi ya mtunzi. Nenda kwa wanamuziki wenyewe kwanza, kabla ya intaneti, wengi wapo. Moses Matovu alianza na bendi ya Afrigo 1975 na wameendelea kupiga miaka yote hii, usiseme hawa watu hawapatikani. Waonyeshe, waulize, andika walichokubali. Mimi ya baba mdogo sijaiweka hadharani na jina la bendi silitaji hapa kwa sababu waliobaki ni wawili na mmoja bado anafikiria, na nitamsubiri. Kopi nyingine nzuri ni kuipeleka pale panapotunzwa, Makerere wana arkaivu ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, UBC pia kama ni kipindi chao, wanaweza kuwa wanakitafuta.

Na siku ya kuwaonyesha wazee, kalamu na karatasi viwe mezani kabla hujabonyeza play, au simu irekodi sauti yao. Wataongea mara ya kwanza tu. Mpiga ngoma wa bendi ya baba mdogo anakaa Bombo, nilimpelekea kwa flashi, tukaangalia kwenye tivi yake. Hakusema kitu kuhusu muziki. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye skrini, akaweka kidole kwenye shati lake mwenyewe akasema, "Hili nililinunua Nairobi, wiki ile ya harusi ya dada yangu, kabla ya hapo sikuwa nalo, na baada ya mvua moja lilichuja rangi." Kwenye picha rangi bado iko kali. Cheti cha harusi kipo, dada alikitoa kabatini, kina siku, mwezi na mwaka. Nimeiandika hiyo tarehe kwa penseli kwenye karatasi, nikaandika na nani alisema na lini, nikaiweka ndani ya kava, na kaseti imerudi kwenye rafu, imesimama wima, mbali na spika, kitobo kiko wazi.